Nasaba si Hatia

Ndugu wanachama, leo twataka kusema neno juu ya watu walio mbali nasi kwa safari lakini karibu nasi kwa mkasa. Watu hao ni wakaazi wa wilaya za Tarime na Serengeti, katika mkoa wa Mara, huko kaskazini ya bara, mashariki ya ziwa Victoria. Na jambo lenyewe ni upekuzi, yaani ile kazi ya serikali ya kumchunguza mtu mwendo wake, nasaba yake na jamaa zake, kabla ya kumkabidhi bunduki, faili la siri au cheo kikubwa. Twauliza swali moja tu: Je, ni haki kijana afungiwe mlango wa kazi ya nchi yake kwa sababu mama yake au mjomba wake amezaliwa upande wa pili wa mpaka?

Twajua kuwa wapo watakaosema: "Tarime ina nini nasi? Yetu hayajesha, nanyi mwatuletea ya bara." Na wapo watakaosema neno zito zaidi, kwamba vijana wa huko ndio waingiao majeshini kwa wingi, na sisi visiwani hatujasahau tarehe 26 na 27 Januari 2001, wala hatujasahau yaliyofanywa siku hizo na wenye sare. Neno hilo hatulipuuzi, kwani walioondokewa na jamaa zao siku zile wako hai, na karatasi hii huisoma. Lakini twawajibu kwamba sare haina kabila. Askari wale walitoka pembe zote za nchi, na amri waliyoifuata haikuandikwa Tarime. Asiyetaka kuhukumiwa kwa ajili ya jamaa yake, naye asimhukumu mwenziwe kwa ajili ya kabila lake. Tena tukilitazama jambo hili kwa makini, tutaona kuwa kijana wa Sirari na kijana wa Wete wamekatwa kwa kisu kimoja.

Tuanze na kisu chenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikaa huko Ulaya wakagawana nchi hizi. Katika mapatano yale walimwachia Sayyid Barghash visiwa vyake pamoja na ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi, na bara iliyobaki wakaipiga mstari. Mstari ule ulianzia pwani, kwenye mto Umba karibu na Vanga, ukapita kaskazini ya mlima Kilimanjaro, ukaenda mpaka pale digrii moja kusini ya Ikweta inapokutana na ziwa Victoria upande wa mashariki. Waliouchora hawakumwuliza mzee hata mmoja wa Tarime. Walikuwa na ramani mbele yao, na ramani haionyeshi nani amemwoza nani.

Matokeo yake ni haya. Wakurya, ambao ni watu wamoja kwa lugha na kwa mila, walijikuta wako katika nchi mbili. Koo za Wairege, Wanyabasi na Wakira zina watu wake Tarime, na zina watu wake Kenya, katika nchi ya Kuria ambayo mji wake ni Kehancha, na ambayo leo imo katika kaunti ya Migori. Wajaluo wa Rorya, ambayo mpaka mwaka 2007 ilikuwa sehemu ya wilaya ya Tarime, wana ndugu zao wa damu Migori na Homa Bay. Katika wilaya ya Serengeti, yenye makao yake makuu Mugumu, wamo Wakurya, Wangoreme, Waikoma na wengineo. Nao huoa Tarime na kuozesha Tarime, na mwenye mkwe Tarime hakosi shemeji Kenya. Mahari ya Wakurya ni ng'ombe. Posa ikikubaliwa, zizi la upande huu hupungua na zizi la upande ule hujaa, na jiwe la mpaka halina la kusema. Sirari ya Tanzania na Isebania ya Kenya ni miji miwili kwa serikali, lakini kwa mama aendaye kuuza ndizi ni soko moja.

Serikali zenyewe zimelifunga lango hilo na kulifungua zipendavyo. Mwaka 1977, ilipovunjika ile Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, na haukufunguliwa mpaka mwaka 1983. Mwaka 1999 viongozi walitia sahihi mkataba wa Jumuiya mpya, na mwaka 2010 likaanza soko la pamoja, ambalo shabaha yake ni kwamba watu na mali wapite, na wafanya kazi waajiriwe huku na huku. Basi watu wa mpakani wameambiwa na serikali zao wenyewe: Pitaneni, fanyeni biashara, fanyeni kazi pamoja. Watu wakipitana huoana, wakioana huzaa, na mtoto aliyezaliwa akija kuomba kazi ya polisi huulizwa kwa nini mama yake ni wa upande wa pili.

Sasa turudi visiwani, ili msomaji aone kuwa hatuzungumzi habari za watu wengine.

Ule ukanda wa pwani uliobaki kaskazini ya mstari, wenye Vanga, Shimoni na Mombasa, uliendelea kuhesabiwa kuwa ni wa Sultani wa Unguja mpaka Kenya ilipopata uhuru wake mwezi wa Disemba 1963. Tangu siku hiyo Mpemba mwenye shangazi Shimoni amekuwa na shangazi wa nchi ya kigeni, naye shangazi hakuhama hata mkeka wake. Mwezi wa Januari 2001 watu wetu zaidi ya elfu mbili walikimbilia Shimoni kwa ngalawa na mashua. Walikwenda kule kwa sababu ndiko walikokuwa na watu. Na mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwatambua Wapemba waishio katika pwani yake kuwa ni kabila miongoni mwa makabila ya nchi hiyo, ikaanza kuwapa vitambulisho, baada ya miaka mingi ya kuishi bila ya karatasi yo yote. Sisi tulifurahi, na bado twafurahi. Lakini kitambulisho kile kile kilichomtoa jamaa yetu taabuni kule, chaweza kumtia taabuni mpwa wake huku, siku atakapoandika katika fomu ya upekuzi kwamba mama yake mdogo ni raia wa Kenya.

Tena wakumbukeni Wangazija wa Unguja. Walizaliwa hapa, na wengi wao wazee wao walizaliwa hapa, wakafundisha katika skuli na kushika kalamu katika ofisi za serikali. Mwaka 1968 serikali ya Mzee Karume iliwaambia kuwa si raia mpaka waombe uraia, na wengi wakapoteza kazi zao. Hawakushtakiwa kwa siri waliyoiuza. Walishtakiwa kwa kisiwa walichotoka babu zao.

Na upande mwingine utazameni mfano wa Oman. Sultan Qaboos aliposhika utawala mwaka 1970 alikuwa na vita Dhofar mikononi mwake, wala hakuwa mtu wa kuufanyia mchezo usalama wa nchi yake. Hata hivyo aliwaita jamaa zetu waliokuwa wametawanyika. Wengi waliozaliwa Unguja na Pemba, wenye mama na ndugu waliobaki huku, walipewa kazi katika wizara, katika kampuni ya mafuta, na hata katika polisi na idara za usalama. Nchi ile ilitazama elimu yao na mwendo wao, ikawatumia, na haikuangamia kwa sababu ya mama zao waliobaki Wete na Mkoani.

Sasa tuitazame sheria ya kwetu. Tanzania ina Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970, inayomwadhibu mwenye kutoa siri za serikali. Ina na sheria ya mwaka 1996 iliyoiwekea Idara ya Usalama wa Taifa msingi wa kisheria. Hatuna ugomvi na kuwapo kwa sheria hizo. Nyumba yenye mlango ina haki ya kuwa na bawabu, na baada ya mabomu ya tarehe 7 Agosti 1998, Dar es Salaam na Nairobi, hapana mwenye akili atakayesema kuwa nchi hizi hazina adui. Ugomvi wetu ni huu: ile sheria ya mwaka 1970 humwadhibu mtu kwa tendo alilolitenda. Upekuzi wa nasaba humwadhibu kwa jambo ambalo hakulitenda yeye wala mama yake, nalo ni mahali pa kuzaliwa.

Matangazo ya Jeshi la Polisi ya kuajiri vijana, katika miaka ya karibuni, yamekuwa yakitaka mwombaji awe Mtanzania wa kuzaliwa, na wazazi wake wote wawili wawe Watanzania wa kuzaliwa. Maneno haya akiyasoma mtu wa Dodoma huyaona mepesi. Ayasome mtu wa Tarime. Tuchukue mfano wa kijana aliyezaliwa Sirari. Baba yake ni Mtanzania, na babu yake ni Mtanzania aliyepigana vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979. Mama yake alizaliwa Kehancha, akaolewa kwa ng'ombe halali angali msichana, na tangu hapo akaishi Tarime. Kijana huyu ni raia, hana nchi nyingine, wala hajapata kulala usiku mmoja nje ya Tanzania isipokuwa msibani kwa bibi yake. Mlango umekwisha kufungwa mbele yake kabla hajafungua mdomo. Lau mama yake angalizaliwa mwendo wa asubuhi moja kusini ya pale alipozaliwa, mlango ungalikuwa wazi.

Na kijana huyo ni mwenye bahati, kwani yeye sababu ameisoma katika tangazo. Katika vyeo vya juu zaidi na kazi zenye siri kubwa zaidi, vipimo vya upekuzi havitangazwi. Mtu huomba, husubiri, kisha husikia kuwa jina lake halikurudi. Hajui kama limezuiliwa na shemeji, au na adui yake wa kijijini, au na karani aliyelikosea. Asiyejua ameshtakiwa kwa nini hawezi kujitetea, na kwa desturi ya mahakama zote duniani, hukumu ya namna hiyo si hukumu.

Wala tusisahau jambo moja la ajabu. Watu hawa wanaotiliwa shaka kwa ajili ya mpaka ndio wale wale ambao nchi imewategemea kwa silaha. Waingereza waliwaandika Wakurya kwa wingi katika jeshi lao la King's African Rifles, kutoka pande zote mbili za mpaka, na baada ya uhuru jeshi la Tanzania liliendelea kuwapokea. Katika vita vya Kagera wana wa mkoa wa Mara walikuwako, na wengine hawakurudi. Hapana aliyesimama vitani akawauliza shangazi zao wanaishi wapi.

Lakini na tuseme kwamba hoja ya haki haimtoshi mkubwa wa serikali, naye ataka kusikia habari za usalama tu. Basi tumweleze habari za usalama.

Kijana akijua kuwa kumtaja mjomba wa Isebania ni kufungiwa mlango, hatamtaja. Mama aliyezaliwa Kehancha ataandikwa kuwa amezaliwa Tarime. Mwenyekiti wa kijiji atatia sahihi, kwa kuwa naye ana mama wa namna hiyo hiyo. Kijana ataingia kazini na uwongo mmoja mfukoni. Atapanda cheo, na uwongo utapanda naye. Siku moja atatokea mtu aujuaye, amwambie: "Nipe ile karatasi iliyoko mezani kwako, ama sivyo nitasema mama yako kazaliwa wapi." Hapo ndipo nchi itakuwa na mtu wa hatari ndani ya nyumba yake. Na aliyemtia hatarini si mama yake bali ni fomu.

Sisi tunaouza unga, sukari na mafuta ya taa, twajua kidogo juu ya kuaminiana, kwani bila ya hilo duka halifiki mwaka. Mteja akija kukopa hatumwulizi babu yake alitoka wapi. Twafungua daftari, tukatazama alipokopa mwaka jana alilipa lini, na alipokawia alikuja kusema au alipita njia ya nyuma. Na mteja ajaye akatwambia mwenyewe, "Nina deni katika duka la pili, lakini nimepanga kulilipa hivi na hivi," huyo hatumfukuzi. Huyo ndiye wa kumwamini, kwani ametuonyesha mzigo wake. Mwenye duka atakayemfukuza kila asemaye kweli juu ya deni lake, mwishowe atabaki na wateja waongo peke yao, na hasara itamfika bila ya kujua ilikotoka. Serikali inayomfukuza kila amtajaye mjomba wake inafanya biashara ya namna hiyo.

Wako wanaoshika methali ya mtoto wa nyoka ni nyoka, na kwamba damu ni nzito kuliko maji. Wale tuliopita chuoni tulisomeshwa visa vya kinyume chake tungali wadogo: kwamba mwana wa Nabii Nuhu aliangamia pamoja na wenye kukanusha, na kwamba mke wa Firauni alikuwa mtu mwema ndani ya nyumba ya Firauni. Na asiyetaka visa vya chuoni, basi na asome habari za dunia. Mwezi wa Februari 2001 Wamarekani walimkamata Robert Hanssen, ofisa wa idara yao ya FBI. Alizaliwa Chicago, na baba yake alikuwa polisi wa mji huo. Kwa fomu ya nasaba hapana mtu aliyekuwa safi kuliko yeye. Naye alikuwa akiwauzia Warusi siri za nchi yake tangu mwaka 1979, akilipwa fedha na almasi. Hakuvutwa na shangazi wala mjomba wa Moscow. Alivutwa na tamaa, na tamaa haina safu yake katika fomu ya jamaa.

Mwaka ule ule wa 2001 serikali ya Tanzania ilitangaza kuwa watu wanne wanaojulikana si raia: mwandishi Jenerali Ulimwengu, aliyepata kuwa mkuu wa wilaya na mbunge, Timothy Bandora, aliyeiwakilisha nchi kwa ubalozi, Anatoli Amani wa Kagera, na Moudline Castico, aliyekuwa kiongozi wa chama kinachotawala hapa Unguja. Wote walikuwa wameitumikia nchi au chama chake miaka mingi, na hapana aliyeonyesha siri waliyoiuza. Ulimwengu alilazimika kuomba uraia wa nchi aliyoitumikia. Na Bibi Castico, miaka ikapita, akawa waziri katika Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Sisi si watu wa chama chake, lakini twauliza kwa haki: ikiwa alifaa kuwa waziri baadaye, ile hatari iliyotangazwa mwaka 2001 ilikwenda wapi? Jawabu letu ni kwamba haikuwapo. Na mtu mkubwa mwenye jina akiweza kufanyiwa hayo mbele ya magazeti yote, kijana wa Mugumu asiye na jina atafanyiwa nini gizani?

Wengine watauliza: "Mwataka serikali isiulize kabisa?" La. Jamaa wa nje ni jambo la kuulizwa, wala hatulikatai. Mtu ambaye ndugu yake ni ofisa wa usalama wa serikali ya kigeni, na wao huonana kila wiki, hana budi kuulizwa. Mtu ambaye nyumba yake hujengwa na fedha kutoka serikali ya kigeni, hana budi kuulizwa. Lakini kuuliza ni jambo moja, na kuhukumu ni jambo jingine. Swali huanza kazi ya upekuzi. Kwetu limefanywa ndiyo mwisho wa kazi.

Hatuwasifu Wamarekani kwa kila jambo, na katika mengi twawalaumu. Lakini katika hili wameandika kanuni, na kanuni zao mtu ye yote aweza kuzisoma. Zile walizoanza kuzitumia mwezi wa Juni 2017 zina vipimo 13, na cha pili chahusu mvuto wa nchi za nje. Hakisemi kuwa mwenye mama wa kigeni hafai. Chauliza: jamaa huyo ni nani, yuko nchi gani, ana kazi gani, mwaonana mara ngapi, na je, aweza kutumiwa kumbana mwombaji? Kisha chatazama upande wa pili wa mizani: mwombaji ana mizizi gani katika nchi yake, na ameitumikia vipi? Na tangu amri ya Rais Clinton ya mwaka 1995, anayekataliwa hupewa sababu kwa maandishi, kwa kadiri siri ya nchi inavyoruhusu, na ana haki ya kujibu na kukata rufaa. Nchi yenye siri nyingi kuliko zetu imeweza kufanya hivyo, nayo bado imesimama.

Na jirani yetu Kenya, ambaye naye ana makosa yake mengi, ameanza kuliona jambo hili. Wasomali wa kaskazini mashariki ya nchi hiyo kwa miaka mingi walipekuliwa zaidi ya wenzao kabla ya kupewa kitambulisho, kwa sababu ya kuwa na jamaa ng'ambo ya mpaka. Mwezi wa Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kuuondoa upekuzi huo wa ziada. Tangazo si utekelezaji, na wenyewe ndio watakaosema limetimizwa vipi. Lakini serikali iliyokubali kulitamka imekubali kuwa mtu wa mpakani si mtuhumiwa kwa kuzaliwa.

Wala hatuhitaji kwenda Marekani wala Kenya kutafuta mafunzo. Mwezi wa Oktoba 1961, katika Bunge la Tanganyika, walitokea wajumbe waliotaka uraia ufuate rangi ya mtu. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika mkoa huo huo wa Mara, aliwapinga kwa ukali, akashikilia kuwa kipimo cha uraia ni uaminifu kwa nchi wala si rangi, na akalifanya kuwa jambo la kufa na kupona kwa serikali yake. Sisi wa visiwani tuna yetu mengi ya kumhesabia Mwalimu, na tumeyasema katika karatasi hii. Lakini siku ile alisema haki, na watu wa mkoa wake leo wanainyimwa.

Basi twadai mambo manne. La kwanza, vipimo vya upekuzi viandikwe na vitangazwe, ili mwananchi ajue aulizwa nini na kwa nini. La pili, sharti la wazazi wote wawili kuwa Watanzania wa kuzaliwa liondolewe, na mwombaji apimwe kwa uraia wake mwenyewe na mwendo wake mwenyewe. La tatu, mwenye kumtaja jamaa yake kwa ukweli asiadhibiwe kwa ukweli huo. Aadhibiwe mwenye kuficha. La nne, anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi, na kiwepo chombo cha rufaa ambacho si wale wale waliomkataa.

Na kwenu, ndugu wanachama, tuna maneno mawili. Mwana wenu akiletewa fomu, na amwandike mjomba wa Mombasa, na shangazi wa Maskati, na binamu wa Ngazija, kila mmoja kwa jina lake na mahali pake. Atakayenyimwa kazi kwa kusema kweli tutamsemea hadharani, kwani atakuwa na hoja mkononi. Lakini atakayekutwa ameficha atakuwa amempa mshitaki wake silaha, na hapana wa kumtetea. Neno la pili ni hili: upo mchezo mbaya wa siasa za visiwa hivi, wa kuulizana nani mwenyeji na nani wa kuja, nani damu yake ya Unyamwezini na nani damu yake ya Arabuni. Mwanachama wetu asiucheze, hata akichokozwa. Hatuwezi kudai kwamba shangazi wa Shimoni si hatia, kisha tukamwambia jirani yetu wa Kilimahewa kuwa babu yake wa Tabora ni hatia.

Wabunge wetu wanakaa Dodoma pamoja na wabunge wa Tarime na wa Serengeti. Twawataka wawaendee, waketi nao, na waulize kwa pamoja, kwa swali lililoandikwa na linalotaka jibu lililoandikwa: raia wa kuzaliwa, mwenye mama aliyezaliwa ng'ambo ya mpaka, ana kosa gani? Jibu litakapotoka tutalichapa hapa, neno kwa neno, na lisipotoka tutachapa kuwa halikutoka.